Dakika Tisini na Mbili

Mvua ya Galisia haina haraka.
Inailowesha itale ya Porriño
mpaka jiwe lote linageuka rangi ya fizi,
nami nimechutama kando ya kompresa
na kifaa changu, kizito kama mkate wa juzi,
nakifuta kioo kwa mkono wa sweta.

Kihisi chenyewe ni kama jino la mtoto.
Nakifunga kwenye mshikio wa drili,
waya naupitisha juu ya koti la Amancio,
nautuliza kwa utepe asije akajikwaa.
"Pande tatu," namweleza. "Mbele na nyuma,
kushoto na kulia, juu na chini.
Kila mkono unakotikiswa, hiki kinahesabu."
"Na kwa ndani?"
Nikabonyeza anza.

Drili kaileta Bwana Lourido, msimamizi, mwenyewe:
nyekundu, raba yake ingali inanuka duka.
Tarakimu zikapanda, zikayumba, zikatulia:
tatu nukta moja.
"Umeona? Andika."
Nikaandika. Kalamu haina mshipa wa aibu.

Ndipo Amancio akavua glavu.
Digrii nne, saa mbili asubuhi.
Vidole vinne vya kulia vyeupe
toka ncha hadi fundo la pili,
weupe wa nta, weupe usio na mwenyewe,
mpaka wake umenyooka kama wa rula.
Akavigonga kwenye jiwe, ko, ko,
kama mtu anayebisha hodi
kwenye nyumba aliyokwisha kuhama.

Kidole kimoja hakivunji chawa, sawa.
Vyake vinne havifungi kifungo.
Shati humfunga Iria, mjukuu, miaka sita,
akianzia chini, ulimi nje, amekaza macho.

"Hiyo imefika Alhamisi," Amancio akasema,
bila kumtazama Lourido.
Akazunguka nyuma ya kompresa,
akafunua turubai,
akarudi na ile nyingine.

Mshikio umezungushiwa tyubu ya baiskeli.
Pale gumba linapokaa chuma kimelika,
kibonde kidogo, saizi ya gumba lake na si la mwingine.
Miaka thelathini na moja
walikuwa wakichongana.

Kihisi upya. Waya upya. Anza.

Niliisikia menoni, nami nipo hatua mbili.
Matone kwenye kofia yake ya chuma
yaliruka, yakacheza, yakakataa kushuka.
Kumi na moja nukta nne.

Hesabu niliifanya kwa sauti, taratibu,
ili Lourido asikie kila hatua:
kwa ukali huu, kwa kikomo cha siku moja,
mtu ana dakika tisini na mbili.
Zikiisha, aiweke chini mpaka kesho.

Amancio akacheka, akakohoa, akacheka tena.
"Hizo mimi nazimaliza kabla ya kahawa."
"Hiyo mashine haimo kwenye orodha," Lourido akasema.
"Sasa imo."

Kabla sijaondoka nilimwomba anipe nusu dakika.
Aliniachia, akasimama nyuma yangu karibu,
mikono yake tayari, kama wanavyomsimamia
mtoto anayejifunza kwenda.

Sasa ni usiku, chumba cha hoteli ya barabarani.
Mkono wa kulia bado unavuma.
Bilauri naiona nimeishika; kuisikia, kidogo tu.
Nusu dakika.
Kifaa kimelala mezani, kimechomekwa, taa yake ya kijani.
Kinaijua leo mpaka nukta ya pili.
Jana hakiijui,
wala hakina kitufe cha kuiomba.

Ripoti nimeijaza: tarehe, aina ya mashine,
mita kwa sekunde, kwa sekunde tena,
thamani mbili, ya turubai juu, ya duka chini.
Penye Maelezo Mengine fomu imeacha mstari mmoja.
Nimeandika: shati lake limefungwa na mtoto,
tundu la tatu limerukwa.
Nikafuta.
Nikaandika tena.